Roboti amefika na belo, rimoti imebaki ng'ambo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za wazazi na zinaanza vile vile: nilikuwa napita Gikomba, ama nilikuwa Toi Jumapili, nikaona kitu ya mtoto, nikalipa, kufika nyumbani ndio nashtuka haina rimoti. Toi nasema soko, sio toi ya mtoto, ingawa siku hizi naona zimekuwa kitu moja. Nimechagua sita nikajibu, zile zingine zimefanana mno, kama hauoni yako tafuta iliyo jirani yake.

*

Fundi habari. Nilinunulia kijana wangu roboti Gikomba kwa mia nane, mweupe kwa mweusi, mikono mirefu kama ya nyani, imeandikwa Robosapien. Nikaweka mawe (betri) manne makubwa kwa nyayo, nikabonyeza swichi ya mgongo, akaamka, macho yakawaka, akaguna, basi. Hatembei. Nikaenda Luthuli, ule mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, nikauziwa rimoti ya mia tatu nikaambiwa hii inashika kila kitu. Imeshika TV ya jirani kupitia dirishani lakini roboti hata hatingishiki. Nimeuziwa roboti mbovu ama rimoti mbovu?
Baba wa watatu, Umoja

Baba wa watatu, zote mbili ni nzima, ni vile hazielewani. Kwanza nikwambie umeokota nini, sababu kwa mia nane umeramba. Huyo alitoka 2004, kampuni ya WowWee ya Hong Kong, na aliyemchora ni Mark Tilden, mwanasayansi ambaye kabla ya kuingia mambo ya watoto alikuwa anaunda roboti kule maabara ya Los Alamos, Marekani. Ana urefu wa kama sentimita 35, mota saba, na vitendo 67 ndani yake, kucheza densi, kupiga teke, hadi kucheua. Shida ni kwamba karibu vyote vinaitishwa na rimoti. Bila rimoti huyo ni matatu iko na makanga peke yake, kelele iko, mwendo hakuna.

Sasa hiyo rimoti ya kushika kila kitu. Hiyo imejazwa kodi, yaani lugha za amri, za TV, za king'amuzi, pengine na za feni, na yeyote anayekwambia inashika kila kitu anamaanisha kila kitu cha sebuleni. Inatoa mwanga wa infraredi kama vile roboti wako anavyotaka, hapo wako sawa, lakini maneno ni mengine. Ni kama mtu kukupigia kelele kwa Kichina, masikio yako yako sawa na yeye sauti anayo, bado hutasimama.

Njia ya kwanza, na ndio ningeanza nayo, ni kutafuta rimoti yake yenyewe. Itambue hivi: inakula mawe matatu madogo ya AAA, ina batani moja imeandikwa SELECT, na amri zake ziko kwa rangi tatu, nyekundu, kijani na chungwa, kwa sababu batani ile ile inafanya kazi tatu kulingana na umebonyeza SELECT mara ngapi. Ukionyeshwa ya Robosapien V2 achana nayo, huyo ni ndugu yake mkubwa wa 2005 na hawasikilizani, hata kama mwenye kuuza ataapa.

Njia ya pili ni simu. Angalia juu ya simu yako, ukingoni, kama kuna kidoti cheusi kinang'aa. Redmi nyingi wanacho, na Infinix kadhaa. Hiyo ni taa ya infraredi. Lakini apu inayokuja na simu ina TV, eyasii na vitu vya nyumba peke yake, utatafuta apu inayokubali uingize kodi zako mwenyewe.

Njia ya tatu ni ya kijana wako kama ako na mtu anafanya vitu za Arduino, zile bodi ndogo za kompyuta za kujifunzia, na hii ndio tamu. Unahitaji bodi, taa moja ya infraredi, transista na resista, zote Luthuli unapata, hata kwa zile duka za ngazini ambazo mtu mmoja akiingia mwingine lazima atoke. Taa inapepesa kwa kama kilohezi 39. Kila amri ni biti nane, yaani alama nane za 1 ama 0. Gawanya sekunde moja mara 1200, kila kipande kiite pigo. Unawasha taa mapigo 8, hiyo ni kama kupiga hodi. Halafu kwa kila biti unaizima kwanza kisha unaiwasha pigo moja: ukitaka kusema 1 unaizima mapigo 4, ukitaka kusema 0 unaizima pigo 1. Kutembea mbele ni 10000110, kusimama ni 10001110. Jaribu hizo mbili tu kwanza. Siku yangu ya kwanza nilifaulu kumtembeza nikawa sijaandika ile ya kusimama, akaenda hadi akagonga sufuria ya chai, kwa hivyo andika zote mbili.

Na mawe usiweke yale ya bei rahisi ya redio. Redio inakunywa kidogo kidogo, huyu mota zikiamka pamoja anavuta nguvu nyingi kwa mpigo, zile za kawaida zinalegea, anaanza kuyumba kama mlevi na unafikiri ameharibika. Tafuta zimeandikwa Alkaline, saizi D, nne.

*

Niaje fundi. Niko na magari mawili ya rimoti ya belo, moja haikuja na rimoti. Juzi nikabonyeza rimoti ya ile nzima na ZOTE mbili zikaenda, lakini ile ingine nikisema kushoto inaenda kushoto poa. Nikanunua ya tatu, hiyo haisikii kitu. Hii ni uchawi ama?
Kijana wa Kayole

Kijana, sio uchawi, ni China. Magari mengi ya bei ya chini yamejengwa na chipu zile zile mbili, TX-2B kwa rimoti na RX-2B kwa gari. Hizo zinahesabu mapigo: mbele ni mapigo 10, nyuma 40, kushoto 58, kulia 64. Kiwanda hiki na kile kingine hawajuani lakini wamenunua chipu moja, kwa hivyo magari yao yanaongea lugha moja. Kitu pekee cha kuwatenganisha ni masafa, na hapo ndio ile gari yako ya tatu imekwama.

Igeuze tumbo juu. Karibu na mlango wa mawe kuna kibandiko ama maandishi yamechongwa kwa plastiki, 27MHz, ama 40, ama 49. Zile mbili zako naweka pesa ni 27 zote. Ya tatu ikisoma 49 tafuta rimoti yoyote ya 49 yenye vijiti viwili, hata iwe ya tangi ama ya boti, uijaribu. Kama kibandiko kimetoka fungua skrubu, ndani utaona kikopo kidogo cha chuma kinang'aa, kristali, juu imepigwa muhuri kama 27.145. Ikiwa imeandikwa 2.4GHz pole sana, hizo zinafungana na rimoti yake kama ndoa, ukiikosa hiyo moja unabadilisha na bodi ya ndani.

Kubadilisha bodi usiogope. Gari la namna hii ndani lina waya za mota ya nyuma mbili, za usukani mbili, na za betri mbili, basi. Nunua gari lililovunjika bodi lakini liko na rimoti yake, la kuchinja, hata bei yake ni ya peremende, hamisha bodi na antena kwa gari lako zima. Angalia tu yote mawili yanakula mawe idadi moja. Waya ya antena usiikate ati ni ndefu inaning'inia, urefu wake una kazi.

*

Shikamoo Mhariri. Ndugu yangu aliye Marekani alimtumia mwanangu roboti iliyotumika, ikiwa na rimoti, chaja, kila kitu. Nilichomeka chaja na adapta ya plagi, ikavuma, ikatoa harufu, ikanyamaza. Roboti haiwaki. Nimwambie nini ndugu yangu?
Mama Mombasa niliyeolewa South B

Marahaba mama. Ndugu yako usimwambie kitu, mwambie asante. Ile adapta ya plagi inabadilisha umbo la miguu tu, umeme haiugusi. Marekani ukutani ni volti 120, hapa kwetu ni 240, chaja imepewa sahani mbili za pilau kwa tumbo la sahani moja.

Habari njema ni kwamba hizo chaja nzito, zile za zamani zenye uzito wa jiwe la kusagia, mara nyingi zikiungua zinakufa peke yake, mle ndani kuna fyuzi ya joto inakata kabla maafa hayajafika kwa roboti. Kwa hivyo usiitupe bado. Soma maandishi ya hiyo chaja. Palipoandikwa INPUT utaona 120V peke yake, hapo ndio kosa lilikuwa. Palipoandikwa OUTPUT nakili yote, mfano 9V 500mA, na uangalie kama ni DC ama AC, na kile kimchoro cha duara na alama ya kujumlisha na kutoa kinachoonyesha katikati ya pini ni chanya ama hasi. Nenda na hiyo karatasi dukani. Volti ziwe sawasawa kabisa, ampia ziwe hizo ama zaidi, pini iingie bila kucheza, upande wa chanya ulingane, na INPUT ya hiyo mpya isome 100-240V. Mwuzaji akisema hii ya volti 12 itafanya tu, rudi nyumbani.

Ikiwaka kwa chaja lakini ukichomoa inazima, betri ya ndani ndio imekufa kwa kulala miaka. Hiyo ni vijiti vya volti 1.2 vilivyofungwa pamoja, sita vinafanya 7.2, fundi wa tochi na spika anakufungia vipya nusu saa.

*

Mjukuu wangu analia. Mbwa wake wa kutembea, ule wa kubweka na kutingisha mkia, sasa akiwashwa anapiga kra kra kra na miguu imesimama. Kijana wa hapa plotini alipaka supaglu, akatembea siku mbili tukafurahi, sasa ni kra kra tena. Niambie kama ni wa kutupa nimwambie pole pole.
Shosho wa Githurai

Shosho shikamoo, asitupwe. Hiyo kra kra ni dalili nzuri, ina maana mota inazunguka na umeme unafika, kilichokosekana ni meno. Kwa ncha ya mota kuna gia ndogo sana, ndogo kama punje ya mahindi, ya plastiki. Imekazwa kwa chuma, na plastiki ikizeeka inapasuka ufa mmoja mwembamba hata huwezi kuuona bila miwani, inaanza kuteleza. Kijana wa plotini hakukosea, ni vile plastiki ya gia ni ya aina ya kuteleza, na gundi nayo inateleza.

Mwambie afungue tena, na safari hii kila akitoa kitu apige picha na simu kabla ya kutoa kingine. Nimeona watu wazima wakibaki na skrubu tatu na springi mkononi wakiangaliana. Atoe hiyo gia, ahesabu meno, mara nyingi ni 8, 9 ama 10, ahesabu mara mbili kwa sababu pale pa ufa meno yanadanganya. Chuma cha mota mara nyingi ni milimita 2. Kisha aende kwa fundi wa redio hapo Githurai aombe mzoga wa DVD ama printa, hizo zimejaa gia na mota ndogo, pengine apate mota nzima na gia yake. Hata kwa duka za vifaa vya wanafunzi wa uhandisi kuna pakiti ya gia mchanganyiko. Ikishindikana kuna vijana mjini wanaprinti kwa 3D, lakini gia ya ukubwa wa punje inatoka na meno ya kukwaruza, mimi hiyo naiweka ya mwisho.

Akifunga apake grisi nyeupe kidogo kwa ncha ya kijiti. Sio mafuta ya kupikia shosho, nakuona.

*

Nauliza tu, rimoti ya Vector inapatikana wapi Nairobi? Ile roboti ndogo ya kutembea kwa meza, ya Anki. Nimezunguka kote.
Msomaji, Rongai

Haipatikani kwa sababu haikuwahi kuwepo. Vector alitoka 2018, anaanzishwa na simu na anaongeleshwa na mdomo, na sauti yako ilikuwa inapelekwa kwa seva ndio ajue umesema nini. Anki wenyewe walifunga 2019 na kazi ikachukuliwa na kampuni ingine. Kitu cha kutafuta ni kile kituo chake cha kuchajia na mchemraba wake. Na kabla ulipe roboti yoyote isiyo na rimoti angalia jina lake kwa simu pale pale sokoni, kama ni wa Bluetooth kama MiP wa WowWee uliza kwanza kama apu yake bado inaingia kwa simu yako. Mwenye kuuza hawezi kujua, yeye anauza kwa kilo ya macho.

*

Fundi, mimi niko upande ule mwingine. Nauza vitu vya watoto Gikomba miaka tisa na nyinyi watu wa magazeti mnatuharibia, mnafundisha wateja kufungua milango ya mawe kabla ya kulipa. Lakini sijaandika kugombana. Kwa kila belo rimoti zinakuja zimetengana na wenyewe, niko na gunia, naweza kusema zaidi ya sitini. Nazitupaga kila mwisho wa mwaka. Nitazipanga aje niuze? Zingine zimeoza pale pa mawe, zingine batani hazishiki. Iko moja kubwa ya maandishi ya rangi rangi, hiyo watoto wangu wanaipenda.
Mama Belo

Mama Belo, usitupe chochote. Usitupe!

Zigawanye mafungu mawili kwanza. Zenye kitaa kidogo puani, ama kioo cheusi cha rangi ya zambarau iliyokolea, hizo ni za infraredi. Weka mawe, elekeza kwa kamera ya simu, bonyeza huku ukiangalia skrini. Ukiona puani panawaka mwanga wa urujuani mweupe ambao macho hayaoni, hiyo ni nzima, iite kamera kama mnavyoitaga nguo za chaguo la kwanza. Ukitumia aifoni geuza uende kwa kamera ya mbele, ya nyuma mara nyingi inachuja huo mwanga. Zenye antena ni za redio, hizo panga kwa namba, 27 kwako, 40 kwako, 49 kwako, na uweke kigari kimoja kizima cha kila namba hapo mezani cha kujaribia. Mteja akiona gari linaenda bei hataulizia sana.

Zilizooza, ule unga mweupe wa mawe ya Alkaline unatoka na siki ama ndimu kwa pamba, kisha pangusa na spiriti, sugua springi na msasa mwembamba, acha ikauke. Batani zisizoshika, fungua, chini ya raba kuna vidoti vyeusi vya kaboni vimechoka. Safisha na spiriti, kikikataa paka penseli laini, zile za 6B za kuchora, ama bandika kipande cha foili ya saizi ya kile kidoti. Hiyo moja nimeifanya usiku stima ikiwa imepotea, na tochi mdomoni.

Zile nyembamba kama kadi zinazokula betri bapa ya kama sarafu usiuze kabla mlango wake haujafungwa na skrubu. Mtoto akiimeza ikikwama kooni inaanza kuchoma nyama ndani ya saa mbili, na mwanzoni anaweza asilie hata. Hapo hakuna kutapisha, ni kubeba mtoto moja kwa moja hospitali, upande wa dharura, waambie ni betri. Watoto wako hapo kwa kibanda nao pia, uwe macho.

Kuhusu milango ya mawe, mama, nitaendelea kuwaambia waifungue, tusamehane.

Sasa hiyo kubwa ya rangi rangi. Angalia rangi ni ngapi. Kama ni nyekundu, kijani na chungwa, na kuna batani imeandikwa SELECT, nyang'anya watoto leo, weka kando, nitapita Jumamosi asubuhi kabla ya jua. Kuna baba wa watatu Umoja ambaye nimemwandikia kurasa nzima ya biti na mapigo, na kumbe pengine tatizo lake liko kwa gunia lako.